Themanini Tu

Kama umewahi kuishi Mikindani, hii yetu ya Mombasa wala sio ile ya Mtwara, unaijua sauti ya mkokoteni wa maji ukiteremka. Kabla hujauona unasikia tairi: kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa nyuma. Hamali akiinua mikono ya mbele, mkia unashuka, tairi linasugua barabara na mzigo unatulia. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji, bila kuhesabu mbao na vyuma. Breki yote ni lile tairi na mabega ya mtu mmoja.

Siku moja nilimkuta mzee mmoja anapumzika juu ya mteremko, kwenye njia inayoshuka upande wa mikoko ya Tudor. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza swali la mtu asiye na shughuli: kati ya kupanda na kushuka, kipi kigumu?

Akanitazama kwanza. "Kupanda ni nguvu tu, mwanangu. Kushuka ndiko kunataka akili. Ukiuachilia hapa juu, ukifika kule chini si wako tena."

Maneno yale yamenikaa kichwani, kwa sababu kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu kilinieleza jambo hilo hilo kwa kurasa nyingi na sikulishika. Tulilisoma kwa Kiingereza, tukakariri fomula, mtihani ukapita, tukasahau. Kitabuni kulikuwa na kimashine cha kugonga vidoti 50 kila sekunde juu ya utepe wa karatasi. Vidoti vikikaribiana, kitu kinaenda polepole. Vikiachana, kinaenda mbio. Vikizidi kuachana, kinazidi kuchapuka. Kimashine chenyewe sisi tulikiona kwenye picha tu.

Nimekuja kuielewa mada hiyo baadaye, kwa mlango wa historia. Pwani hii imejengwa na mambo 3 ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kasi: unaenda mbio kiasi gani. La pili ni kasimwelekeo: unaenda mbio kiasi gani, na unaelekea wapi. La tatu ni mchapuko: hiyo kasi yenyewe inabadilika upesi kiasi gani. Ukiyachanganya kwenye mtihani unapoteza alama. Barabarani unapoteza watu.

Tuanze na mwelekeo, maana hapo wazee wetu wa bahari hawakuhitaji mwalimu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Ghuba, Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili, na ndiyo iliyoyarudisha. Nahodha aliyejua chombo chake kina mbio lakini hajui upepo unakotoka alikuwa hajui kitu. Ndiyo maana watu walingoja. Walishusha mzigo Mombasa, Malindi au Lamu, wakakaa miezi, wengine wakaoa, mpaka upepo ugeuke. Sehemu ya historia ya miji hii ni historia ya watu waliokuwa na chombo kizuri lakini mwelekeo haujafika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mgeni. Aprili 24, 1498, Vasco da Gama aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa pale pale, mtu anayeijua njia. Kusi lilikuwa linaanza. Mei 20 alikuwa amefika Calicut, pwani ya India. Siku 26. Kurudi hakusubiri kaskazi. Aliondoka Calicut mwisho wa Agosti, akatia nanga kisiwani kwa matengenezo, akaianza bahari kuu Oktoba 5, na Malindi akaiona tena Januari 7, 1499. Hata ukimtolea siku za matengenezo, ni miezi 3 majini. Mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye humo njiani.

Bahari ni ile ile, meli ni zile zile. Kilichobadilika ni mwelekeo. Ukimuuliza mtu "kasi ya meli ya da Gama ilikuwa ngapi?" bila kumuuliza ilielekea wapi na msimu gani, umeuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ndiyo iliyoua watu.

Kuna kichekesho kidogo hapo pia. Jahazi linalotoka Muscat, likafika Lamu, likarudi Muscat, limesafiri maelfu ya kilomita. Lakini fizikia ikiangalia lilipoanza na lilipoishia, inasema halijahama: sifuri. Hesabu ni sahihi, ila ghala limejaa boriti za mikoko. Fizikia inahesabu mahali, haihesabu mzigo. Tuliweke hilo akilini, tutalihitaji.

Baada ya majahazi ikaja reli, na pamoja nayo neno ambalo wanasiasa wanalipenda: wastani.

Mei 30, 1896, Waingereza walianza kutandika reli ya Uganda kutoka Mombasa. Ikavuka maji pale Makupa, ikapanda Changamwe, ikapita huku kwetu kuelekea Mazeras na nyika ya Taru. Mei 30, 1899, ilifika Nairobi, ambayo wakati huo ilikuwa kinamasi na mahema. Ni kilomita kama 525 kwa siku 1,095. Gawanya: mita 480 kwa siku. Ile reli iliyokuja kuitwa nyoka wa chuma ilitambaa chini ya nusu kilomita kati ya jua kuchomoza na kuchomoza tena. Mtoto wa darasa la kwanza anautembea mwendo huo kabla kengele ya shule haijagonga.

Lakini wastani ni blanketi, unafunika mengi. Mwanzoni mwa Machi 1898 reli ilikuwa imefika mto Tsavo, karibu kilomita 212 kutoka Mombasa. Yaani miezi 21 ya kwanza ilikwenda mita 330 hivi kwa siku. Huko nyuma kulikuwa na mvua, homa, vichaka vya miiba na Taru isiyo na maji. Kutoka Tsavo mpaka Nairobi ilikwenda karibu mita 690 kwa siku. Zaidi ya mara 2. Huo ndio mchapuko, kwa kipimo cha miezi badala ya sekunde. Na ndani ya sehemu hiyo ya pili, ile inayoonekana ya haraka, kuna Desemba 1898, wakati kazi ya daraja la Tsavo ilisimama kwa wiki kama 3 kwa sababu simba wawili walikuwa wanakula wafanyakazi. Kasi ya papo hapo darajani: sifuri. Kwenye wastani, hizo wiki 3 huzioni kabisa.

Kitu kingine usichokiona ni watu. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli hiyo mpaka Kisumu, ilikofika Desemba 1901. Karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi. Ni zaidi ya watu 4 kwa kila maili. Tumefundishwa kuhesabu maili kwa siku. Hesabu ya watu kwa maili hakuna mwalimu aliyetupa, ingawa ni kugawanya kule kule.

Miaka 118 baada ya reli hiyo kufika Nairobi ikaja reli ya pili. Madaraka Express ilizinduliwa Mei 31, 2017, na kituo chake cha Mombasa kikawekwa Miritini, jirani yetu hapa. Treni ya zamani ilikuwa ya kulala: unapanda jioni, unaamka nyika, unafika kesho. Hii mpya inakwenda kilomita 472 kwa saa 5 hivi. Watu wakaimba 120, kwa sababu 120 ndiyo kasi yake ya juu. Lakini ukigawanya 472 kwa 5 unapata 94, kwa kuwa treni nayo inasimama, inapunguza, inaondoka taratibu. Na safari ya mtu haianzii wala haiishii kituoni. Shuka Miritini jioni uende mjini: foleni, matatu inajaza, inashusha, inajaza tena. Ongeza saa hizo kwenye hesabu yako uone 94 itabaki ngapi. Simchukii mtu na treni yake, mimi mwenyewe naipanda. Nasema tu ukiambiwa kasi, uliza: ya juu, ya wastani, au ya papo hapo? Na imepimwa kutoka mlango gani mpaka mlango gani?

Sasa turudi kwenye mkokoteni, kwa sababu mchapuko ndio somo gumu, na mteremko ndipo lilipofunguliwa.

Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliwageukia Wareno na kuiteka Fort Jesus. Miaka 7 baadaye, 1638, mzee mmoja wa Kiitaliano aliyefungiwa nyumbani kwake na Kanisa alichapishiwa kitabu huko Leiden. Mzee huyo ni Galileo. Humo alieleza jinsi alivyochonga mfereji kwenye ubao mrefu, akauinamisha kidogo, akaviringisha gololi ya shaba, akaipima muda. Saa ya sekunde hakuwa nayo. Alitumia maji: chombo kikubwa chenye tundu jembamba chini, gololi ikianza anaachia maji, ikifika anaziba, kisha anayapima maji yaliyotoka. Kwa nini mteremko? Kwa sababu kitu kikidondoka wima kinaenda haraka mno kupimwa. Mteremko unapunguza ile haraka bila kubadilisha kanuni.

Alichokuta ni hiki. Muda ukiwa mara 2, umbali unakuwa mara 4. Muda mara 3, umbali mara 9. Muda mara 4, umbali mara 16. Kasi inaongezeka kwa hatua zilizo sawa, lakini umbali unaruka kwa mraba.

Tulete hesabu hiyo kwenye mteremko wetu. Chukua barabara inayoshuka mita 5 kwa kila mita 100, mteremko ambao ukiwa kwa miguu huenda usiutambue. Mkokoteni ulioachiliwa hapo, tukisahau kwanza msuguano, unaongeza kasi nusu mita kwa sekunde kila sekunde. Baada ya sekunde 2 umesogea mita 1 tu. Unaweza kuushika kwa mkono mmoja huku unazungumza na simu. Baada ya sekunde 10 umesogea mita 25, unakwenda kilomita 18 kwa saa, na sasa unakimbia nao. Baada ya sekunde 20 umemaliza mita 100 na unakwenda kilomita 36 kwa saa. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 Nairobi mwaka 2021, wastani wake ulikuwa karibu 37. Msuguano utakupunguzia kiasi, ndio. Lakini kati ya mkono mmoja na Omanyala kuna sekunde 18. Na Omanyala hakuwa amebeba kilo 400.

"Ukiuachilia hapa juu, ukifika kule chini si wako tena." Yule mzee alikuwa amempita Galileo darasani kwangu.

Mteremko haubagui mkokoteni na treni. Juni 24, 2002, huko Tanzania, karibu na Dodoma, treni ya abiria ilikuwa inapanda kilima, breki zikakataa, ikaanza kurudi nyuma. Mwanzoni ilikuwa ni kurudi tu. Kisha ikachapuka, ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa kwenye njia ile ile. Watu 281 walikufa. Sekunde za kwanza za mchapuko siku zote zinadanganya. Zinafanana na utulivu.

Na breki? Breki ni gololi ya Galileo ikirudishwa kinyumenyume. Kama kasi mara 2 inapatikana kwa kuteremka umbali mara 4, basi kuifuta kasi mara 2 kunahitaji umbali mara 4. Kanuni ni moja, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Kulikuwa na mama mmoja mtaani kwetu aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi. Wateja wake walikuwa pande zote mbili za barabara kuu ya Nairobi, ile inayobeba malori kutoka bandarini na kutukata katikati. Alivuka kila siku alfajiri, ndoo kichwani. Asubuhi moja hakumaliza kuvuka. Nilifika watu wameshajaa. Dereva alikuwa ameketi kando ya lami, mikono inamtetemeka, anarudia maneno yale yale: "Nilikuwa themanini tu. Wallahi, themanini tu." Na watu, hata wenye hasira, nikaona wanatulia kidogo. Themanini si ndiyo sheria?

Hiyo 80 ina historia yake. Mwaka 2003 waziri wa uchukuzi John Michuki alitoa kanuni za matatu: mikanda, mstari wa manjano, sare za makondakta, na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu nyingi zilitoweka barabarani na watu wakaenda kazini kwa miguu. Ilikuwa hatua kubwa, na sisemi vinginevyo. Lakini namba ikabaki vichwani mwetu kama baraka. Themanini ikawa maana ya polepole. Na Sheria ya Trafiki ya Kenya ina namba nyingine inayosahaulika: ndani ya mji na vituo vya biashara, 50.

Tofauti kati ya 50 na 80 inaonekana ndogo. Usiku ule nilichukua daftari.

Tuseme dereva anahitaji sekunde 1 kuona na kukanyaga, na breki nzuri kwenye lami kavu zinaipunguzia gari mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Ukiwa kwenye 50, ile sekunde ya kushtuka inakula mita 14, breki zinakula mita nyingine 14. Unasimama ndani ya mita 28. Ukiwa kwenye 80, kushtuka kunakula mita 22, na breki zinataka 35. Jumla 57. Kasi imeongezeka mara 1.6, breki zinadai mara 2.5 na zaidi. Ule mraba wa mwaka 1638.

Sasa muweke mtu mita 28 mbele, ndoo kichwani. Gari la 50 linasimama mbele ya miguu yake, labda dereva anatukanwa, maisha yanaendelea. Gari la 80 limemaliza mita 22 kabla mguu haujagusa breki. Zimebaki 6. Ndani ya mita 6 hizo kasi inashuka kutoka 80 mpaka 73 hivi. Rudia kuisoma: pale ambapo mmoja angekuwa amesimama kabisa, mwingine anamfikia mtu akiwa na 73.

Niliikokotoa mara 3 nikidhani nimekosea. Sikujua mama yule alikuwa umbali gani gari lilipomwona, na sijui kama 50 ingemwokoa. Ninachojua ni kwamba neno "tu" halikuwa na mahali kwenye ile sentensi.

Na simlaumu yule dereva peke yake. Tangu 1896 kila chombo kinachopita huku kimepimwa kwa upesi wake wa kutoka bandarini na kufika bara. Huo ndio mwelekeo uliohesabiwa. Mama aliyevuka kwenda kuuza na kurudi nyumbani, kwenye hesabu ya safari, ni kama lile jahazi la Muscat: ameishia alipoanzia, sifuri. Mzigo wake hauhesabiki. Barabara ilichorwa kwa wanaopita kwa urefu, wanaokatiza wakaambiwa wachunge. Lakini sisi tunaoishi hapa safari zetu nyingi ni za kukatiza: shule, msikiti, kanisa, duka, maji.

Juzi nilimwona tena mzee wa mkokoteni pale juu. Hakuniona. Kabla hajaanza kushuka alizunguka nyuma, akalitikisa tairi kwa mguu, akaangalia chini kama njia iko wazi. Watoto walikuwa wanacheza katikati. Akangoja mpaka wakapisha, ndipo akainua mikono. Kraaa, taratibu, mpaka chini.

Mahamri siku hizi anauza binti wa yule mama. Anauza upande huu tu.